Feni Iliyozimwa

Efraimu alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba yake mwenyewe, mchana kweupe, kiganja amekibandika kwenye mdomo wa mpira mnene mweusi uliotokeza ukutani, uliozibwa kwa gunia, kama mtu anayepima pumzi za mgonjwa. Mpira haukupumua. Alijua usingepumua, maana ndiye aliyeizima feni kwa mkono wake. Hata hivyo alibandika kiganja mara nyingine, akasubiri, na moyo ukamwenda mbio. Upande wa pili wa ukuta dada yake Tulinagwe alikuwa akiimba peke yake, na yeye hakuwa na ruhusa ya kuingia.

Hofu hiyo alikuwa ameijenga mwenyewe, kwa bisibisi na kwa majivuno. Efraimu alikuwa fundi umeme wa malori. Pale Tunduma, ambako magari yanayongoja kuvuka mpaka hujipanga hadi mtu akachoka kuyahesabu, fundi mwenye mikono myepesi halali na njaa. Lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye kwaya, na mwaka 2008 alinunua kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, akageuza chumba cha uani kuwa studio. Mashine yenyewe ilikuwa na akili nzuri na tabia mbaya. Ikiwashwa ilivuma kama kinu cha kusaga mahindi, na mvumo huo ukaingia katika kila wimbo. Wanakwaya wakamtania kwamba amewaongezea sauti ya tano bila kuwauliza.

Alianza kwa kung'oa feni mbili ndogo zilizokuwa zikipiga miluzi. Mahali pake akaweka moja pana iliyotoka kwenye kibanda cha dereva wa lori lililokufa. Feni ya lori inataka volti ishirini na nne; yeye akaipa kumi na mbili, ikawa inazunguka kivivu na haisemi. Diski inayotunza kazi akaining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ili mtetemo wake usishuke mezani. Kisha akaliingiza dude zima ndani ya kabati la mbao lililotandikwa sponji ya godoro, na ili joto lisikae humo, akatoboa ukuta na kupitisha mpira wa kuvutia hewa wa injini ulioipeleka hewa ya moto nje. Wageni walipoonyeshwa walicheka hadi wakashika mbavu. Mkewe Witness hakucheka, kwa kuwa ndiye aliyelala miezi miwili kwenye godoro lililokatwa pembe.

Baada ya yote hayo ulibaki mnong'ono mdogo ambao hakuna aliyeusikia ila Efraimu. Mwingine angeshukuru Mungu na kuendelea na kazi. Yeye kila alipousikia aliona kama amedharauliwa.

Tulinagwe alikuwa amemlea. Mama yao alipozikwa kule Ikinga, Tulinagwe alikuwa na miaka kumi na saba na Efraimu mitano, na binti yule alikataa posa mbili mfululizo hadi mdogo wake alipomaliza darasa la saba. Hakuwa mtu wa kuogopa. Hakuogopa nyoka, hakuogopa mwenyekiti wa kijiji, na rovu lilipoanza kumtoka shingoni alilifunika kwa kitenge, akaendelea kulima. Lakini mwaka huo wa 2011 lilikuwa limekua hadi likawa linalala juu ya koo lake. Usiku alilazimika kulala ameketi. Daktari wa Mbeya aliwaeleza bila kuzungukazunguka. Rovu lazima litolewe, na mshipa wa sauti unapita papo hapo. Wengi hutoka na sauti yao. Wengine hubaki na mnong'ono. Tulinagwe aliuliza swali moja tu: mwishoni mwa Novemba ataweza kuimba? Daktari alitazama karatasi zake kwa muda mrefu kuliko zilivyostahili kutazamwa, na hapo Efraimu akamwona dada yake, kwa mara ya kwanza maishani, akishika ukingo wa kiti.

Mwishoni mwa Novemba Fides angejifungua. Fides ndiye mtoto pekee wa Tulinagwe, ameolewa Ndola, mbali huko Zambia. Na katika ukoo wa mama yao kuna wimbo ambao bibi mzaa mama humwimbia mtoto siku anapotolewa nje mara ya kwanza. Una beti tatu. Mbili ni salamu, na wanawake wengi wa kwao wanazijua. Ubeti wa tatu una majina ya akina mama waliobeba ukoo, mmoja baada ya mwingine, na aliyebaki akiyajua kwa mpangilio wake ni Tulinagwe peke yake. Fides aliondoka nyumbani mapema mno, kabla hajarithishwa. Kuyaandika kwenye karatasi Tulinagwe hakutaka kusikia. Jina lisilo na sauti yake, alisema, ni la kwenye kaburi.

Wanaume hawauimbi wimbo huo wala hawakai unapoimbwa. Mwanamume akiingia, wimbo hukatwa, na hauanzwi tena mpaka jua la siku nyingine. Efraimu, pamoja na ufundi wake wote, hakuwahi kuuchezea mwiko huo. Kwa hiyo walikubaliana: angewasha mashine, aondoke, afunge mlango, na dada aimbe mbele ya maikrofoni chumbani humo peke yake. Sidii ingepelekwa Ndola na dereva wanayemjua. Ilikuwa Jumamosi. Alfajiri ya Jumapili Tulinagwe na Witness wangepanda basi la Mbeya.

Kabla ya kuanza, Efraimu aliinamisha sikio kabatini, akakunja uso.

"Kuna nini?" Tulinagwe aliuliza.

"Feni inanung'unika, dada."

"Iache inung'unike. Mtoto hutolewa nje watu wakiwapo, kuku wakiwapo. Kelele kidogo hainisumbui."

"Itasikika kwenye sidii. Fides atasikiliza feni badala yako."

Akaizima. Wimbo ulichukua dakika saba, ndivyo alivyoambiwa, na mashine yake aliijua: bila feni ingestahimili dakika kumi kabla joto halijaipanda kichwani ikajizima yenyewe. Kwa tahadhari zaidi akaenda nje akasokomeza gunia kwenye mpira ili honi za malori zisipenye. Akarudi, akabonyeza, akatoka. Hesabu yake ilikuwa safi. Kitu kimoja tu hakukihesabu, nacho ni kwamba dakika saba zilikuwa za Tulinagwe wa zamani. Tulinagwe wa sasa alipumzika baada ya kila mstari, akivuta hewa kidogo kidogo kupitia tundu ambalo rovu lilikuwa limemwachia.

Sasa saa ya mkononi ilisema dakika ya tisa. Efraimu alilichomoa gunia ili apime joto. Joto halikuwa la kwanza kutoka. Ilitoka sauti.

Aliruka nyuma kama aliyeguswa na waya. Mpira ule, alioupitisha ukutani kwa ajili ya hewa, ulikuwa umembeba dada yake mzima mzima na kumleta sikioni mwake: mwisho wa ubeti wa pili, kisha pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Akaziba masikio. Halafu harufu ikamfikia, harufu ya vumbi lililopashwa moto, na nyuma yake harufu nyepesi ya sponji. Akaachia masikio. Mbele ya macho yake aliliona kabati likiwaka, na dada yake akiwa ndani na mlango umefungwa, na yeye nje akichunga desturi.

Alifika mlangoni kwa hatua sita. Akashika kitasa. Akiingia, wimbo umekatwa, na jua la siku nyingine lingemkuta Tulinagwe kwenye basi. Asipoingia, huenda mashine ikajizima na wimbo usihifadhiwe, au likatokea lile asilotaka hata kulitaja. Aliogopa kuingia na aliogopa kusimama. Kitasa kilitoa mlio mdogo chini ya mkono wake, naye akakibana kisilie. Akanusa tundu la ufunguo. Moshi haukuwapo. Joto tu, joto na vumbi.

Ndipo akasikia ndani mlio mkavu, mmoja, kama wa kuvunja kijiti. Aliujua kuliko alivyoujua mlio wa mlango wake. Mashine ilikuwa imejizima.

Na Tulinagwe alikuwa bado anaimba. Alikuwa amefumba macho, bila shaka. Siku zote aliimba amefumba macho. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza ubeti wa tatu, akiyatoa majina kwa sanduku la mbao lisilosikia chochote, akimwimbia mjukuu ambaye hangeyapata. Hatari ya moto ilikuwa imekwisha na sababu ya kuingia imekwisha nayo. Efraimu aliachia kitasa. Kisha akarudi nyuma ya nyumba kwa kunyata. Hapakuwa na kitu chochote duniani kilichokuwa kikimsikiliza mwanamke yule. Akapiga magoti, akaliweka sikio lake kwenye mpira, na safari hii hakukurupuka.

Alisikia jina la bibi wa bibi. Alisikia pumzi. Alisikia jina lililofuata, na sauti ikipanda nalo kama mtu anayepanda vilima vya Ikinga na mzigo wa kuni. Tulinagwe alipofika kwenye jina la mama yao alilishikilia muda mrefu, na Efraimu, baba wa watoto watatu, aliuma kola ya shati lake ili asisikike.

Tulinagwe alitoka na kitenge kilicholowa jasho na tabasamu ambalo hakuwa amelionyesha tangu siku ya daktari. "Nimewataja wote," alisema. Efraimu alipita mbele yake bila kumtazama. Skrini ilikuwa nyeusi. Walingoja saa nzima mashine ipoe. Ilipowaka, kazi ya siku hiyo haikuwamo. Alitafuta kila mahali, hata mahali ambapo alijua haiwezi kuwa. Mwishowe akamwomba arudie.

Tulinagwe alisimama mbele ya maikrofoni, ajaribu koo kwanza kabla Efraimu hajatoka. Alifungua kinywa, kikatoka kikohozi. Akajaribu tena. Koo lilikuwa limevimba kwa kazi ile na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu anayeimba. Akaketi, akafunga kitenge chake shingoni taratibu.

"Nilikuambia kelele hainisumbui," alisema.

Laiti angegomba. Jioni alikula, akasali, akampangia Witness nguo kwenye begi. Efraimu alizunguka nyumba kama mgeni aliyekosa pa kuketi. Alikuwa amepoteza wimbo, na tena alikuwa ameuiba. La kwanza dada alilijua, la pili Efraimu hakuthubutu kulisema. Alfajiri aliwasindikiza stendi. Tulinagwe alimpa mkono kupitia dirisha la basi, na mkono wenyewe ulikuwa wa baridi.

Upasuaji ulifanyika Jumatano. Siku hiyo Efraimu hakugusa lori la mtu. Alikaa studio, kabati limefunguliwa, simu juu ya paja, na kila mteja alipopiga aliikata. Usiku Witness alituma ujumbe kwamba wifi yake ametoka salama, amelala. Alhamisi saa nne asubuhi akapiga.

"Ameamka, Baba Yonasi. Ila amekatazwa kusema. Mpaka nyuzi zitolewe."

"Sauti ipo?"

"Hakuna anayejua. Daktari mwenyewe anasema tungoje."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hapakuwa na lingine. Efraimu aliomba simu iwekwe kwenye sikio la dada yake, na Witness aondoke kidogo. Kisha akasikiliza. Kulikuwa na magurudumu ya toroli. Kulikuwa na mtoto analia, ndoo inaburutwa, mtu anakohoa, mtu mwingine anacheka mbali. Efraimu, ambaye kwa miaka mitatu aliiwinda kila kelele kama panya, aliziba sikio la pili kwa kidole asije akapoteza hata moja, kwa sababu mahali fulani katikati ya kelele hizo kulikuwa na pumzi ya Tulinagwe.

"Dada," alisema. "Naogopa. Naogopa tangu tulipotoka kwa daktari, na sikukuambia. Nikaenda kuizima feni." Aliutazama mpira ndani ya kabati. "Na nilikusikia. Kwenye ule mpira. Ubeti wote wa tatu. Nilijua ni mwiko, na sikuondoka."

Alisubiri asikie simu ikikatwa.

Badala yake alisikia ukucha. Uligonga simu mara mbili, polepole, ukapumzika, ukagonga mara moja. Mara mbili, ukapumzika, mara moja. Alidhani anamwita Witness. Ndipo mwili ulipoelewa kabla ya akili: hivyo ndivyo ubeti wa tatu unavyotembea, na dada alitaka kujua kama ameushika.

Efraimu alitazama mlangoni. Ilikuwa asubuhi, watu wanapita na mizigo yao, na yeye mwanamume mzima mwenye sharubu. Akafungua kinywa na kulitoa jina la kwanza, kwa sauti ndogo, mbaya, iliyovunjika katikati. Ukucha ukaendelea. Akatoa la pili. Ukucha ukaendelea. Akatoa la tatu, na ukucha ukasimama.

Mtoto wa wodini alilia, akanyamazishwa. Kisha ukucha ukagonga tena, kwa nguvu zaidi, ukirudia mapigo yaliyotangulia jina la tatu. Alikuwa amelikosea.

Akalirudia.