Helmeti Mbili Kwenye Gari la Wazi

Katika wodi ya mifupa, mgonjwa mpya akiletwa, wauguzi hawamwulizi kimempata nini. Wanauliza, "Pikipiki au ngazi?" Mama Pacha alikuwa ameliuliza swali hilo kwa miaka kumi na tisa, na ngazi hazikuwahi kuongoza hata mwezi mmoja. Alijua kupasua suruali ya jinzi kwa mkasi, kuanzia kwenye pindo mpaka kiunoni, bila kuugusa mguu uliovunjika, na huku mkono ukifanya kazi mdomo nao haukulala: "Ulikuwa unakimbilia wapi wewe? Haya, umefika?"

Siku mumewe alipoletwa kwenye kitanda cha magurudumu, hakuuliza kitu. Alichukua mkasi.

Hayo yalikuwa mwaka juzi. Baba Pacha aliwekewa vyuma viwili na skrubu tisa kwenye mguu wa kushoto, akatembelea magongo miezi mitano, na alipoweza kusimama bila kushika ukuta mkewe akampa vidonge vyake.

"Mimi au pikipiki. Na usinijibu leo, maana jibu la leo nalijua."

Alijibu baada ya wiki. Pikipiki ikaenda kuwekwa kwa rafiki yake Kipara, mwenye karakana ya kuchomelea mageti mtaa wa pili. Helmeti zote mbili, ya mume na ya mke, zikapandishwa juu ya kabati la chumbani, nyuma ya sanduku la nguo walizovaa pacha walipokuwa wachanga.

"Sasa nunua gari," mke akasema. Kichwani alikuwa na picha kamili: milango minne, buti la kumeza gunia la viazi, na kiti cha nyuma cha kuwapeleka pacha chuoni pamoja na magodoro yao.

Baba Pacha akaja na Sabuni.

Jina hilo alilibandika wifi, dada wa Baba Pacha anayekaa nyumba inayofuata, siku ile ile gari lilipoingia uani. "Kaka, hili ni gari au kipande cha sabuni?" Lilikuwa jekundu, limeviringana pembeni kama sabuni iliyoogewa wiki nzima. Viti viwili, basi. Juu halikuwa na paa ila turubai jeusi la kukunja. Buti liliingia kikapu kimoja, na kikapu chenyewe kisiwe na tumbo. Ukikaa ndani yake mnatazamana na magurudumu ya malori.

"Baba Pacha," mkewe alisema, mikono kiunoni, "mimi nilisema gari."

"Kwani hili ni nini?"

"Pacha watakaa wapi?"

"Pacha wana miaka ishirini. Watapanda basi." Kisha akashusha sauti, kwa sababu dada yake alikuwa bado anazunguka gari akicheka. "Mama Pacha, mimi ni fundi wa lifti. Kutwa nzima nimo ndani ya shimo, grisi na giza. Nikitoka nataka upepo. Magurudumu manne nimekubali. Upepo niachie."

Akamwachia. Alikuwa amechoka kubishana, na alikuwa ameshinda lile kubwa.

Upepo Baba Pacha aliupata, lakini haukuwa ule. Mkewe aliliona hilo kabla yake. Kila walipokata kona, mume aliinama na kona, bega lote likamlalia, kana kwamba gari lingelala naye. Gari halikulala. Walipopishana na wenye pikipiki kwenye barabara kuu, mkono wake ulitoka nje na kushuka chini, vidole viwili vimenyooka, salamu waliyokuwa wakipeana wenyewe kwa wenyewe. Wale walipita kama hawakumwona. Nani amsalimie mtu wa gari?

"Hawakujui," mkewe alimwambia siku moja.

"Yule wa mbele ananijua. Nilimsaidia kubadilisha tairi."

Baada ya hapo mkono ulikaa kwenye usukani, na Mama Pacha akajuta kufungua mdomo.

Kisha ikaja habari ya vioo. Mchana mmoja Baba Pacha alirudi akiwa na vioo vyote viwili vya pembeni mapajani, vimetoa nyaya kama macho ya kaa. Kulikuwa na foleni, malori mawili yamesimama sambamba, na katikati pana nafasi.

"Nafasi ya nani?" mkewe aliuliza.

"Ya pikipiki," alisema bila kumtazama. "Nilisahau."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mama Pacha hakucheka. Mtu anayesahau kwamba yumo ndani ya gari, hata awe anaendesha la kuchekesha namna gani, moyo wake hauko ndani ya gari. Tangu siku hiyo, alipotoka zamu, jambo la kwanza lilikuwa kutazama juu ya kabati. Helmeti mbili zipo. Haya. Anaweza kuvua viatu.

Asubuhi ya Jumamosi moja alitoka zamu ya usiku saa moja na nusu. Usiku walikuwa wamepokea watatu, wote pikipiki, na wa tatu hakuwa wa kuulizwa swali lolote. Miguu ilimwaka. Alisimama getini pale Baba Pacha alipozoea kumngoja, kichwa tu kikionekana juu ya gari kama mtu aliyekaa kwenye beseni. Hakuwepo. Akangoja robo saa, akapiga simu, ikaita bila kujibiwa. Akapanda basi.

Uani Sabuni hakuwepo. Wifi alikuwa anaanika nguo upande wake wa ukuta.

"Wifi, za kazi?"

"Za kazi ni za kazi. Kaka yako yuko wapi?"

Wifi alibana kibanio, akachukua kingine. "Mimi sitaki kusema."

"Umeshasema. Malizia."

"Nilimwona alfajiri anatoka na helmeti. Nikamwuliza, kaka, unaenda wapi na hiyo? Akasema, kwa Kipara mara moja." Akasita. "Tena zilikuwa mbili, wifi. Mimi sisemi kitu. Lakini helmeti mbili ni vichwa viwili."

Mama Pacha aliingia chumbani na viatu vyake. Juu ya kabati palikuwa na duara mbili zisizo na vumbi, na sanduku la nguo za pacha limesogezwa pembeni kwa uangalifu. Alikaa kitandani. La kichwa cha pili halikumwingia. Baba Pacha alikuwa hana hili wala lile, mwanamke wa nje angemchosha. Aliyemjia ni yule wa tatu wa usiku, na soksi yake moja, ambayo hakuna aliyejua pa kuiweka. Alitaka kulala. Alitaka kulala kuliko alivyotaka kitu kingine duniani. Akasimama, akaenda kwa Kipara.

Pikipiki ilikuwa mbele ya karakana, imesimama kwa stendi. Mpini wa klachi ulikuwa umepinda, na ubavuni tangi lilikuwa na bonde jipya, rangi imechubuka mpaka kwenye bati. Kipara alipomwona alivua miwani ya kuchomelea na kuanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Shemeji! Karibu, shemeji. Kiti kipo—"

"Yuko wapi?"

"Ameondoka. Mzima! Mzima kabisa, shemeji, usiniangalie hivyo."

"Wewe ndiye uliyempa ufunguo?"

"Aliniomba. Mtu anakuomba kitu chake mwenyewe, utamwambia nini? Alisema ni mara moja tu."

"Mara moja ndiyo inayonipa kazi mimi. Akaanguka wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo hapo ulipokanyaga." Kipara aliinamisha kichwa, upara ukang'aa. "Hakuiwasha hata. Alipanda, akaiondoa kwenye stendi, ikaegemea upande wa kushoto, mguu ukakataa. Ilimshinda polepole, shemeji. Nilikimbia, sikuwahi. Akakaa pale chini kwenye vyuma chakavu. Nikamwambia jaribu tena, nitakushikia. Akanirudishia ufunguo, akavaa helmeti yake, akaingia kwenye gari, akaondoka."

"Akavaa helmeti ndani ya gari?"

"Ndiyo. Sikuweza kumwuliza."

Ilikuwa habari njema. Mama Pacha aliigeuza kichwani njia nzima akitembea kuelekea barabara kuu, akitafuta ile nafuu aliyoisubiri mwaka na nusu. Hatapanda tena. Si kwa sababu yake, wala kwa sababu ya maneno yake. Skrubu tisa zimeamua. Hakuna wa kubishana naye tena. Lakini kila alipotaka kushusha pumzi alimwona mumewe amekaa kwenye vyuma chakavu, na pumzi ikagoma.

Alimkuta hapo njiani, kwenye kituo cha mafuta, upande wa pampu ya upepo. Mawingu yalikuwa yameshuka na turubai la gari limekunjwa nyuma, wazi kama kawaida yake. Baba Pacha alikuwa amekaa nyuma ya usukani, mikono magotini, helmeti nyeusi kichwani na kioo chake kimeshushwa. Mhudumu wa kituo alikuwa amesimama karibu na mpira wa upepo.

"Mzee, tairi zimeshajaa. Unataka nini kingine?"

Helmeti iliendelea kutazama barabara.

"Na hiyo kofia, mzee, ni ya nini? Unaogopa ndege watakunyea?"

"Wewe jaza watu mafuta," Mama Pacha alimwambia akipita, na mhudumu akakumbuka kwamba ana kazi upande wa pili.

Alifungua mlango, akajishusha kwa vituo vitatu kama magoti yalivyomzoesha: mkono kwenye fremu, nyonga, halafu kuachia. Helmeti yake ya zamani, ya bluu, ilikuwa kwenye kiti. Akaiweka mapajani. 

"Fungua hicho kioo."

Akakifungua. Macho yalikuwa mekundu.

"Nilipiga simu."

"Sikusikia. Humu ndani husikii." Aligusa helmeti kwa kidole. "Ukivaa hii na gari likitembea, upepo unalia vile vile. Sauti ni ile ile, Mama Pacha. Ukifumba macho kidogo—"

"Usifumbe macho barabarani."

"Sifumbi."

"Umeumia wapi?"

"Kiganja." Akamwonyesha. Ulikuwa mchubuko tu. Aliutazama kama muuguzi, mbele na nyuma, akavikunja vidole kimoja kimoja, akamrudishia mkono wake.

"Na hii ya pili ulimbebea nani? Dada yako ameshakuoza mke."

"Nani mwingine? Nilitaka nije kukuchukua kazini nayo. Kama zamani, ukitoka zamu. Mara moja tu, halafu namrudishia Kipara."

"Kwenye geti la wodi ya mifupa."

"Ndiyo."

"Mbele ya wenzangu. Usiku tumepokea watatu, Baba Pacha."

"Sikujua."

"Utajuaje? Kila siku ni watatu."

Akaupangusa usukani kwa kiganja kizima. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, kwa kuwa jambo lenyewe limeshakwisha, "Ungepanda?"

"Ningekupiga na begi."

"Na baada ya kunipiga?"

Mama Pacha alitazama mbele. Zamani, akitoka zamu, alikuwa akilaza shavu kwenye mgongo wake na kusinzia mpaka nyumbani, na hakuwahi kuanguka. Hakuwahi kumwambia mtu, wala wifi, wala wagonjwa aliokuwa akiwasema.

"Ningepanda," alisema. "Halafu ningekupiga tena. Washa gari, nataka kulala."

Waliingia barabara kuu na mvua ikaanza. Turubai lile lilitaka watu wawili kulifunga, kila mmoja upande wake, na komeo la kushoto lilikuwa na ukaidi.

"Tulifunge?" mume aliuliza.

"Sina mikono."

"Tukitembea halituingii tone. Linapita juu."

Hiyo ilikuwa kweli. Alikuwa amemwonyesha mara nyingi kwa fahari. Mvua ilipita juu ya kioo cha mbele na kuangukia nyuma yao. Kwenye kona ya kiwanda cha magodoro bega lake lilikuja, likamlalia. Safari hii hakulisukuma. Lilikuwa zito na lenye joto, naye alikuwa amesimama tangu jana.

Taa za njia panda zikawaka nyekundu.

Gari lilisimama, na mvua yote waliyokuwa wameikwepa ikawapata. Ilimwagikia kichwani mwake, ikaingia kwenye kola ya sare, ikamshuka mgongoni. Nywele alisuka juzi tu. Mama Pacha alitazama taa, akatazama alichokishika mapajani, akakivaa. Kilinukia vumbi na mafuta ya nywele ya miaka ile. Akafunga kamba chini ya kidevu, na ulimwengu ukashuka sauti.

Pikipiki ikaja kusimama ubavuni mwao, mwenyewe ametota. Akatazama gari, akatazama kichwa cha kwanza, akatazama cha pili.

"Wazee wangu! Pikipiki mmeisahau nyumbani?"

Mama Pacha alihisi kiti kikitikisika. Alidhani mumewe analia, akageuka. Alikuwa anacheka, cheko la tumbo ambalo hakuwa amelisikia tangu mwaka juzi, na maji yakimtiririka kwenye helmeti.

"Imetukataa!" alimjibu yule mtu kwa sauti kubwa.

"Poleni!" Yule akafikiri kidogo, kisha akashusha mkono, vidole viwili vimenyooka, na taa zikabadilika akaondoka.

Mume alibaki na mkono hewani. Gari la nyuma likapiga honi.

"Kijani," mkewe alisema. "Twende, viti vinalowa."

Vilikuwa vimelowa tayari. Atakayevikausha ni yeye, kwa taulo lile la zamani, kesho baada ya zamu, maana Baba Pacha atasema jua litavikausha. Gari lilishika mwendo na mvua ikaanza tena kupita juu yao. Ndani ya helmeti upepo ulilia kama alivyosema. Mama Pacha alikiegemeza kichwa kizito begani kwake, helmeti kwa helmeti zikagongana.

"Usifumbe macho," alimwambia, na yake akayafumba.