Vikopo vya Ofisi ya Maji

Aili Lahti alijisifu kwamba kwa miaka kumi na tisa ya ufundi hajaunguza ubao wa kompyuta hata mmoja. Ule wa Jumanne haukuhesabiwa, kwa kuwa ulikuwa wake mwenyewe, na hata hivyo pazia lilipona nusu.

Asubuhi moja ya Machi, theluji ikiwa bado imefika dirishani, Clyde Beauchamp alimletea kompyuta ya zamani ya ofisi ya maji ya mji. Clyde alikuwa karani pale, na siku ya kustaafu aliondoka nayo, eti ukumbusho. Sasa ilikataa kuwaka.

"Nataka mchezo wangu wa karata tu, shemeji. Utaiweza?"

"Nilimweza Reino miaka arobaini, nishindwe na bati?"

Reino, mumewe, alikufa kwa figo. Maji ya bomba yalikuwa yakitoka na rangi ya chai, na Reino aliapa kwamba kila wiki humpigia Clyde simu kulalamika. Clyde naye aliapa kwamba hakuna aliyepiga. Aili alimwamini Clyde, maana Reino hata kutoa takataka alisahau. Alimwita mvivu mpaka hospitalini.

Alifungua kifuniko. Kapasita, vile vikopo vinavyotunza umeme, zilikuwa zimevimba vichwa na kuvuja uchafu wa kahawia. Aliyeyusha lehemu, akang'oa ya kwanza.

"Clyde, maji yangu yananuka kutu," kikopo kilisema, kwa sauti ya mwalimu Hovland, aliyezikwa zamani.

Aili alikiweka kwenye kisahani, akasafisha matundu, akatazama upande wa hasi, akapachika kipya.

"Za zamani hukaa na chaji," alisema. Redio ya kanisa iliwahi kumwimbia siku mbili mezani hapo hapo.

Cha pili kilikuwa kinyozi, mtoto wake anaharisha. Cha tatu mpaka cha saba, majirani.

"Clyde, unawasikia?"

"Nani? Mimi sisikii kitu. Masikio yamekufa tangu Krismasi."

"Pole, baba."

Akammiminia kahawa ya maji ya chupa, kama kila nyumba pale mjini. Bomba halikuwahi kubadilishwa. Bila malalamiko, ulibadilishe la nini?

Cha nane, kikubwa kuliko vyote, kiling'ang'ania. Aili alikibembeleza kwa moto mpaka kikaachia. Kwanza kilikohoa. Alikijua kikohozi hicho.

"Clyde, ni mimi tena, Reino. Mke wangu anasema sijapiga. Safari hii umeandika?"

Ncha ya moto ya chuma cha lehemu ilikuwa inachoma kitambaa cha meza. Aili aliiacha ichome.

"Nimeandika, Reino, nimeandika," Clyde akajibu, kwa ile sauti yake ya ofisini, kabla hajakumbuka kwamba ni kiziwi.