Chumba cha Valvu za Kifaransa

Mama yangu alipopata viza ya kuja kukaa nasi hapa Garland, Texas, chumba pekee cha kumlaza kilikuwa kimejaa valvu. Hizo ni chupa ndogo za kioo zilizofanya redio za zamani ziongee. Mume wangu Patroba anazikusanya, za Kifaransa tu, na anaandika historia ya waliozitengeneza. Alianza binti yetu Fiona alipoenda chuo Houston. Kitanda cha mtoto hakikuwa hata kimepoa, maboksi yakakipanda.

Mimi ni nesi wa zamu ya usiku. Narudi asubuhi miguu imevimba, nalakiwa na habari za Lyon, huko Ufaransa. Kwamba wenye viwanda vya balbu ndio waliojua kunyonya hewa kwenye kioo, kwa hiyo vita vya 1914 vilipoanza, jeshi likawaendea watu wa taa kutafuta valvu za redio. Kwamba kiwanda cha Grammont kilizitoa kwa wingi. Kwamba baadaye kampuni za taa ziliungana, majina mengine yakamezwa, na leo hakuna anayeyakumbuka ila Patroba. Na mimi je, nakumbukwa na nani?

"Baba Fiona, Mama anafika Jumamosi. Hizo vitu zako zitoke."

"Zitatoka. Lakini Mama Fiona, si unajua hawezi kulala nyumba moja na mimi? Ni mkwe wangu. Hiyo ni mwiko."

Ni kweli, kwetu Kisii mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Lakini huyu hajawahi kukumbuka mila hata moja tangu tuhamie Texas, na leo ghafla amekuwa mzee wa ukoo! Nikapandwa na hasira.

"Basi wewe ndiye utalala gereji," nikamwambia. Gereji yetu iko nyuma, imejitenga na nyumba. Nilitaka aone aibu, aseme heri tuiache mila.

Akasema sawa.

Alizihamisha valvu zote, kila moja imevishwa soksi, nyingine soksi zangu. Akapeleka godoro, feni na meza. Mama alipofika alisalimiwa na mkwewe kutoka mbali, macho chini, akafurahi sana. "Mwanangu, umeolewa na mtu," akaniambia. Yeye akalala chumba cha Fiona. Mimi nikabaki na kitanda kizima peke yangu, na sikukipenda.

Wiki chache zikapita. Mama naye akaona upweke wangu. "Mwambie bwanako arudi ndani," akasema. "Hapa ni ugenini, Mungu anaelewa." Niliposikia hivyo, uchovu wote ukanitoka. Nikachemsha chai ya maziwa, nikaipeleka gereji mwenyewe.

Nilimkuta ananyoosha waya za valvu, amenyoa ndevu, amenawiri. Sijamuona hivyo tangu tuoane. Nikamweleza maneno ya Mama. Akasikiliza mpaka mwisho, ila mikono haikuacha kazi.

"Hapana, tusimkosee mzazi heshima," akasema. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeulizia hali ya hewa: "Kwani hawezi ku-extend hiyo viza?"

Iliniuma. Nikamwekea chai yake juu ya meza, nikarudi kulala. Nilikuwa nimechoka, hata kulia sikuweza.