Mtutu wa Afande

Baba mkwe wa Fundi alikuja karakana mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mara ya kwanza alisema amepita tu kusalimia. Mara ya pili alidai ameacha kofia, na kofia ilikuwa kichwani. Mara ya tatu hakutafuta kisingizio, alisimama mlangoni akasema, "Mkwe, imefikia wapi?"

"Baba, jana ilifikia hapa, na leo ndiyo kwanza nimeshika msasa," alijibu Fundi bila kuinua macho.

Mtaa mzima ulimwita mwanamke huyo Fundi. Karakana ile alirithi kwa baba yake mzazi pamoja na kibali cha kutengeneza silaha, na hadi leo wapo wateja wanaokuja wakamwuliza mwenyewe yuko wapi. "Mwenyewe ndiye unayemkodolea macho," aliwajibu, na kazi ikaanza.

Mzee naye mtaa ulimwita Afande. Alikuwa amelinda mbuga kwa miaka thelathini, na mpaka sasa alitembea kama mtu anayehesabiwa hatua. Miezi minane nyuma nyumba yake iliungua kwa hitilafu ya umeme, mchana kweupe, yeye akiwa kisimani. Tangu hapo alihamia kwa mwanawe, na tangu hapo hakukaa akatulia. Alikula amesimama. Alikagua jiko, akaenda uani, akarudi kukagua jiko lilelile. Mume wa Fundi, ambaye ni mwalimu wa hesabu, aliwahi kuhesabu: mzee aliinuka mara kumi na moja katika taarifa ya habari moja.

Bunduki yake ya marisawa, ile ya risasi za vipunje, ilifukuliwa majivuni baada ya mvua za miezi mitatu kuinyea. Ilikuwa ya mitutu miwili. Kitako kilikuwa kimeungua chote, springi zimelegea kama uzi, na kutu imekula chuma mpaka kikawa na vishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui. Fundi aliiloweka kwenye mafuta ya taa siku nne, akaisugua kwa brashi ya waya, akachonga kitako kipya kwa mbao ngumu, akafua springi nyingine. Kazi ilimnogea. Jioni alikuwa akirudi nyumbani na vidole vyeusi, huku akiimba.

Mpaka siku alipoweka mitutu kwenye jiriwa na kupitisha tupa.

Tupa iliingia kirahisi mno. Chuma cha mtutu hakitakiwi kulika hivyo. Akageuza, akaangalia mahali mitutu miwili ilipoungana. Lehemu ilikuwa imeyeyuka na kuganda pembeni kwa vidonge vidogo, kama nta iliyotiririka kwenye mshumaa. Maana yake moto ulikuwa umekipika kile chuma, kisha kikapoa chenyewe ovyo, na ugumu wake ukaondoka. Ungeweza kukirudishia sura. Nguvu, hapana.

Alimwambia mumewe wakiwa wanakunja nguo.

"Sasa si umalizie tu iwe nzuri?" Mwalimu alisema. "Itundikwe ukutani, aitazame, aridhike. Risasi zenyewe hana."

"Na akizipata?"

"Mama watoto, mzee ana miaka sabini na mbili. Atampiga nani? Ukimwambia imekufa, utammaliza. Muache afurahi kidogo."

Fundi alinyamaza. Hilo lilikuwa kosa lake, na hata siku ile alijua ni kosa, maana usingizi ulimpaa. Akaimalizia bunduki. Akaunganisha mitutu upya, akaipaka rangi ya chuma mpaka ikang'aa kama mgongo wa mende, akakipaka kitako mafuta. Siku ya kumkabidhi, Afande aliifungua, akaifunga, akaisikiliza inavyolia, akaitia begani. Machozi yalimlengalenga. "Mwanangu," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, "mwanangu, umenirudisha."

Fundi akachukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi tayari.

Wiki mbili zilizofuata alikuwa mtu wa kushtukashtuka. Mlango ukigongwa, ameruka. Alikosea vipimo vya kitasa cha mteja mara mbili. Aliporudi nyumbani jambo la kwanza lilikuwa kutazama ukutani, na akiiona bunduki pale, alipumua. Alipanga kumwambia mzee Jumapili. Jumapili wakaja wageni, ikapita.

Jumanne fundi cherehani wa jirani aliingia karakana anahema, kipimo kikining'inia shingoni. "Wewe uko hapa? Kuna mbwa ana kichaa, ameshang'ata watu wawili. Wamemfungia kule kwenye ghala bovu, na watu wamemwendea Afande. Amepita sasa hivi na bunduki, kanyooka kama kijana wa miaka ishirini!"

"Ana risasi?"

"Kaazimwa na mlinzi wa kiwandani."

Fundi alitoka mbio na aproni yake. Kiatu kimoja kilimvuka njiani, akakiacha. Alipofika ghalani, watu walikuwa wamejaa kwenye geti, na mbele yao, peke yake, alisimama Afande. Mbwa alikuwa kwenye kona, mate yakimtoka. Bunduki ilikuwa begani, shavu limelala kwenye kitako kipya, mkono wa kushoto umeshika palepale chini ya mitutu.

"Baba, usipige!"

Mzee hakugeuka. "Rudi nyuma, mkwe."

"Mtutu utapasuka, Baba! Umeungua! Nilijua tangu mwanzo, sikukwambia!"

 Mtu mmoja nyuma akacheka, cheko fupi la woga, lakini lilisikika. Afande akabaki vilevile kwa muda ambao Fundi aliuona mrefu kupita kiasi. Kisha akaishusha bunduki, akaifungua, akatoa risasi mbili moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye kiganja cha mkwewe bila kumtazama. Mbwa akapenya kwenye pengo la ukuta. Saa mbili baadaye watu wa mifugo walimnasa kwa wavu.

Nyumbani mzee aliitundika bunduki ukutani, akaanza kukagua jiko. Mwalimu alijaribu: "Baba, mimi ndiye niliyemwambia asi—" Mzee akainua mkono, na mwalimu wa watu, mwenye mvi, akanyamaza kama mwanafunzi.

Alfajiri ya siku ya pili Fundi alimkuta mlangoni mwa karakana, bunduki mkononi.

"Nionyeshe," alisema.

"Nini, Baba?"

"Umesema mbele ya watu. Sasa nionyeshe."

Walipewa ruhusa ya kutumia machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje ya mji, na mlinzi wa kiwandani akawaongezea risasi. Fundi aliifunga bunduki kwenye matairi mawili ya lori, akafunga kamba kwenye kifyatulio, wakajibanza nyuma ya mwamba, hatua thelathini. Akavuta.

Mlio ukapiga kuta za machimbo ukarudi. Wakaenda kuangalia. Bunduki ilikuwa nzima.

Mzee akaifungua. Akatia risasi nyingine mwenyewe. Fundi akavuta. Nzima tena.

Sasa Afande alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kumbe ulinivua nguo mbele ya mtaa bure," alisema taratibu. Fundi alihisi uso unamwaka. Akajiuliza kama tupa ilimdanganya, kama mikono yake mwenyewe ilimdanganya, kama baba yake angeona alichokiona yeye.

"Moja zaidi, Baba," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Ya nini?"

"Moja tu. Nakuomba."

Akavuta kamba. Safari hii mlio ulikuwa mwingine, mkavu, na kitu kikapita juu ya mwamba kikipiga mluzi. Walisubiri moshi utawanyike. Mtutu wa kushoto ulikuwa umefunguka kwa urefu wa kiganja, kingo zimekunjuka nje kama ganda la ndizi, na tairi lililokuwa chini yake limechanika.

Mzee alichuchumaa. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akauweka pale anaposhika siku zote. Pengo lilianzia kwenye kidole gumba likaishia penye kidole cha mwisho. Akauangalia mkono, akaugeuza, akauangalia tena. Halafu akakaa chini, kwenye kokoto, miguu ameinyoosha kama mtoto.

Fundi akakaa kando yake. "Nisamehe, Baba. Ningekwambia siku ileile."

"Ungeniambia siku ileile," alikubali. Akaokota kokoto, akairusha mbali. "Siku nyingine usimsikilize mume wako. Nimemzaa mimi, namjua. Anaogopa watu wakilia."

Fundi akacheka, na kicheko kikageuka kikamtoa machozi.

Walikwenda pamoja kituo cha polisi kurudisha vipande na kibali cha mzee cha kuimiliki. Askari wa zamu, kijana mwenye haraka zake, alivuta kitabu. "Sababu ya kurudisha?"

"Imeungua," alisema Afande.

Askari akaandika, akataka kufunga kitabu, lakini mzee hakuwa amemaliza. Alisimama kaunta, kofia mkononi, akaanza kueleza. Kisima, ndoo, moshi alioudhania wa jirani. Jinsi alivyokimbia na ndoo mbili za maji ambazo hazikutosha hata mlango. Nguo za marehemu mkewe, alizozitunza miaka sita kwenye kabati, picha yake pekee, shuka aliyoidarizi. Bunduki ilikuwa kitu pekee kilichotoka mle ndani kikiwa bado na umbo. Fundi alikuwa hajawahi kuyasikia hayo, wala mwanawe.

Askari alikuwa ameweka kalamu chini. Fundi alimsogezea mzee kiti. Hakukiona. Aliendelea kusema huku amesimama, na nyuma yao foleni ikazidi kurefuka, na hakuna aliyemwambia aharakishe.