Vidonge vya Wendell

Mimi ni kinyozi. Nimenyoa ndevu za watu wa Youngstown miaka arobaini na mmoja. Mkono wangu wa kulia ulipoanza kutetemeka, niliuficha mfukoni mpaka siku nilipomkata padri shavuni. Tangu hapo wembe nikaufungia kabatini. Nilijiandikisha kwenye majaribio ya dawa mpya ya kutetemeka, si kwa kuipenda sayansi. Nilitaka kurudi kwenye wembe wangu, basi.

Masharti yalikuwa wazi na nikayatia sahihi. Nusu yetu tungepewa dawa, nusu unga mtupu usiotibu kitu, vidonge vyenyewe vikifanana kabisa, na asijue mtu nani kapata nini, hata daktari. Hapo ndipo niliposhtuka. Hata daktari? Mimi sijaona bado mpishi asiyejua kilichomo chunguni mwake.

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi nilikutana kliniki na Wendell Prewitt, dereva mstaafu wa basi la shule. Chupa yangu ilikuwa namba 41, yake 42. Tukishapimwa na kupewa chupa mpya, tulivuka barabara kwenda mgahawani kula pai. Mwezi wa tatu nikamwona anainua kikombe kilichojaa kahawa hadi mdomoni bila tone kumwagika. Mimi yangu nilikuwa nainywa kwa mrija.

"Umeona hiyo?" akasema. "Jana nimefunga vifungo vyote vya shati. Mwenyewe!"

"Hongera," nikasema, na moyoni nikamchukia.

"Na wewe yako itakubali tu. Vuta subira."

"Subira gani? Wanakupendelea wewe. Yule nesi Colleen anakuchekea mno."

"Ananichekea kwa sababu naoga, mzee. Hebu jaribu siku moja."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nawaza mbona chupa yake ilitolewa kabati la juu na yangu la chini. Mbona Colleen aliniuliza mara mbili kama napata kizunguzungu? Nilikuwa nakipata, kila nikiinuka kitandani, lakini nilisema hapana, wasije wakanitoa.

Wendell akaenda msalani. Mfuko wake wa karatasi aliuacha kitini. Nikafungua chupa zote mbili, nikamwaga vidonge vyake mezani, nikatia vyangu kwenye chupa yake na vyake kwenye yangu. Nilitetemeka hata kimoja kikabingirika chini ya meza, nikakifuata kwa magoti. Aliporudi alinikuta nahema.

"Vipi, unaumwa?"

"Pai ya moto," nikasema. Ilikuwa imepoa zamani.

Wiki ya pili mkono ukatulia. Sisemi uongo. Nikapuliza puto, nikalipaka povu na kulinyoa, kama nilivyofundishwa ujanani, na halikupasuka. Nililia pale pale jikoni. Si nilisema? Walikuwa wananilisha unga! Nikautoa wembe kabatini, nikafungua duka tena. Habari ya Wendell sikutaka kuifikiria.

Kabla mwezi haujaisha akaingia dukani kwangu, mkono umefungwa plasta kuanzia kiwikoni, ndevu za wiki nzima.

"Nimeanguka kwenye ngazi," akasema. "Nilisimama tu, macho yakaingia giza. Ninyoe, ndugu yangu, mwenyewe siwezi."

Nilijiona mshenzi. Nimemnyang'anya mtu dawa yake, nikajiambia, na sasa mwili umemlegea. Nikamkalisha, nikamfunika uso kwa taulo la moto, nikapaka povu polepole. Niliapa kumnyoa vizuri kuliko nilivyowahi kumnyoa mtu. Shavu la kwanza likatoka safi.

"Mkono wako umepona!" akasema akiniangalia kwenye kioo. "Nimefurahi, kweli kabisa."

"Ni dawa."

"Basi nikupe kichekesho. Nilipoanguka ilibidi wafungue ile bahasha yenye siri ya namba yangu, wajue nimekuwa nikimeza nini. Unga, bwana! Namba 42 ni unga mtupu toka siku ya kwanza. Na mimi na vifungo vyangu vya shati!"

Nilikuwa nimeshafika kooni. Nikasimamisha wembe.

"Sasa cha ajabu," akaendelea, "kwenye damu yangu wameikuta dawa. Tena kile kipimo kikali cha mwezi wa tatu, ambacho mtu hufikishwa kidogo kidogo. Daktari anasema asiyeizoea lazima aanguke. Wanashangaa imeingiaje."

Nikauona mkono wangu kwenye kioo. Kilianza kutetemeka kidole cha mwisho, kikafuata kiganja, kisha povu likaanza kudondoka kutoka kwenye wembe. Nilijaribu kuuzuia kwa mkono wa kushoto, haukuzuilika. Wendell naye alikuwa akiuangalia. Macho yake yakapanda taratibu hadi usoni kwangu, yakabaki hapo.

"Ondoa wembe kwanza," akasema bila kusogeza shingo. "Halafu uniambie, mzee. Ile pai ilikuwa ya moto kweli?"