Kiti cha Mbele

Mizani iliyopima abiria katika uwanja wa ndege wa Kasongo ilikuwa ya aina ile ile inayopima magunia ya mpunga sokoni, na haikuwa na haya. Ilimpokea mtu mbele ya wenzake, ikatangaza uzito wake, ikamtema. Amisi alipokanyaga ubao wake, mshale ulikimbia hadi kilo mia moja na nne, na Jean-Paul, karani wa ndege, akaanza kutikisa kichwa kabla haujatulia.

Ndege ilikuwa ndogo na tayari imeelemewa. Ilibidi mtu mmoja mzito abaki au ampishe mwepesi, na kwa hesabu za karani, mtu huyo hakuweza kuwa mwingine ila Amisi. Tatizo ni kwamba Amisi ndiye aliyekuwa akimpeleka mama yake, Mama Waridi, hospitali ya Kindu. Alikuwa amemtoa Kabambare kwa pikipiki, siku mbili nzima, wakalala Wamaza njiani, mama amebanwa kati yake na dereva asije akaegemea nyuma. Muuguzi wa Kasongo alikuwa ameshawaonya wote: moyo wa mama umechoka, maji yamejaa mapafuni, na mama asilazwe chali kwa hali yoyote. Akilala robo saa tu, alisema, hamtafika naye.

Amisi akavuka uwanja kwa hatua nzito hadi aliposimama shemeji yake, Ayoubu, mume wa dada yake Djamila. Ayoubu alikuwa fundi wa pikipiki, mwembamba, mwenye mikono isiyotakata mafuta hata siku ya Idi. Alikuwa ameleta mizigo tu, na alisimama mbali, ubavuni mwa pikipiki yake, akitazama upande ambao mama mkwe hakuwepo.

"Shemeji," Amisi alisema, "ni weye utaenda naye. Weye uko mwepesi."

Kwa watu wa kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hawatazamani usoni, hawali pamoja wala hawaitani majina. Kama kuna neno, hupitia kwa mtu wa tatu. Kwa miaka kumi na miwili Ayoubu alikuwa ameishika sheria hiyo kuliko sheria za serikali. Siku moja huko Kabambare alikutana na Mama Waridi akitoka mtoni, akajitupa yeye na pikipiki yake ndani ya shamba la mihogo ili kumpisha. Kisa hicho kilisimuliwa katika kila harusi ya ukoo, na Ayoubu alipenda sana kukisikia. Sifa ni tamu, hata zikiwa za kuanguka shambani.

Lakini tuseme kweli, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kujiambia. Tangu miguu ya mama yule ianze kuvimba, miezi minne ilikuwa imepita, na Ayoubu hakuwa amekwenda hata kusimama nyuma ya ukuta wake akamuuliza hali. Alituma salamu kwa mdomo wa Djamila, kisha akarudi kwenye spana zake. Adabu ni vazi pana, hufunika hata uvivu.

Djamila hakuweza kusafiri, maana alikuwa na siku tisa tu tangu ajifungue. Mtu mwingine hakuwepo, na ndege nyingine ingekuja baada ya juma zima. Ayoubu akapiga moyo konde, akapanda mizani. Kilo hamsini na sita.

Alijipa moyo kwamba angekaa mkiani, mama akae mbele, na saa moja ingepita kama upepo. Kumbe Jean-Paul alikuwa akiwapanga watu kwa uzito: wazito huku, wepesi kule. Mama Waridi akapewa kiti cha peke yake upande wa kushoto, na Ayoubu akapewa kile cha nyuma yake. Ayoubu akamnong'oneza karani kwamba yule ni mkwe wake. Jean-Paul naye alikuwa mtoto wa udongo ule ule, akaelewa, hata uso ukamsinyaa. Lakini alisema kwamba akihamisha kiti kimoja atalazimika kuvihesabu upya vyote, na wingu la mvua lilikuwa limeshafika juu ya mto Lualaba.

Amisi akambeba mama yake, akamkalisha, akamfunga mkanda, akashuka huku anafuta macho kwa kiganja.

Ndege ilipoinua pua, mgongo wa kiti cha mbele ulianguka.

Haukushuka polepole kama kiti cha mtu anayetaka kupumzika. Uliporomoka mara moja, ukamgonga Ayoubu magotini, na kichwa cha Mama Waridi, kimefungwa kitambaa cha kijani, kikatua shubiri moja tu kutoka kifuani pake. Ayoubu alijisukuma nyuma mpaka mifupa ya mgongo ikamuuma. Alifumba macho. Haya ilimpanda kama homa, akatamani ndege ile imteme huko huko hewani.

Ng'ambo ya kijia alikaa mfanyabiashara wa vitenge aitwaye Mado, aliyekuwa akienda Kindu kila mwezi. Mado alizijua desturi za ndege. Wasafiri wazoefu, alisema, hawalazi kiti bila kugeuka kwanza na kumwomba mwenzao wa nyuma, maana magoti ya mtu nayo yamelipiwa nauli. Akamtaka Ayoubu amguse mama huyo begani na kumwomba ainue kiti chake. Ayoubu, bila kufumbua macho, akajibu kwamba hawezi kumgusa, ni mama mkwe wake. Mado akafunika mdomo kwa mkono.

Ndipo Ayoubu aliposikia pumzi. Ilikuwa ikitoka kwa shida, na ndani yake mlikuwa na sauti ya maji yanayochemka taratibu. Maneno ya muuguzi yakamrudia, akafumbua macho. Akapeleka vidole chini ya kiti, akapapasa kama anavyopapasa injini gizani, akagundua haraka ubovu wenyewe: pini ya kufungia mgongo haikuwepo. Bolti namba kumi ingetosha. Alikuwa nazo ishirini, zote katika mfuko wa pikipiki yake, na pikipiki ilikuwa Kasongo.

Akamsihi Mado amsaidie. Mado, Mungu ambariki, hakuuliza mara mbili. Alifungua mkanda, akasimama katika kijia, akausukuma mgongo wa kiti hadi ukasimama, akaushikilia kwa mikono miwili. Pumzi ya mama ikapata nafasi. Ayoubu akashukuru kimoyomoyo kwamba jambo limekwisha, heshima yake nzima na mgonjwa mzima.

Kisha wakaingia ndani ya wingu. Ndege ilitupwa juu, ikaanguka, ikatupwa tena. Mado akarushwa kwenye kiti chake, akaumia kiwiko, akaanza kutapika ndani ya ncha ya kitenge chake. Rubani akapaza sauti kwamba mtu yeyote asithubutu kusimama. Mgongo wa kiti ukaporomoka kwa mara ya pili, na safari hii pumzi ya Mama Waridi ikakatika, ikarudi, ikakatika.

Ayoubu akakunja magoti, akayakaza kwenye mgongo wa kiti, akausukuma kwa nguvu zote. Kiti kikasimama. Lakini mgonjwa hakuwa na nguvu za kukaa, na kila ndege ilipoyumba alianza kuteleza upande, shingo inamlegea. Hapo magoti hayakutosha. Ilihitajika mikono, na mikono iliyokuwepo ilikuwa miwili tu. Ayoubu aliitazama. Aliwaza itakavyosemwa Kabambare, kwamba yule aliyejitupa mihogoni ndiye aliyemkumbatia mama wa mkewe mbele ya watu kumi na watano. Aliona jina lake jema likifa, na ilimuuma. Tusimhukumu, ndilo lilikuwa kitu pekee alichokuwa nacho ambacho wakwe zake walikisifia.

Ndipo mama yule aliposema. Hakugeuka. Mtu wa tatu hakuwepo wa kupitisha neno, basi akalipitisha pale palipokuwepo.

"We kiti," alisema kwa sauti nyembamba, "unisikie. Ambia mume wa Djamila: haya, hata mimi niko nayo. Lakini pumzi iko inaisha."

Ayoubu akapitisha mikono yake pande zote mbili za kiti, akamshika mama mkwe wake chini ya mabega, akamvuta hadi mgongo wake ukanyooka. Alistaajabu kwamba alikuwa mwepesi kiasi kile. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amemkimbia mtu mkubwa kama nyumba, kumbe alikuwa mama mdogo, mwenye mifupa kama ya kuku, anayetetemeka kwa baridi.

"Kiti," alisema, "ambia mama: nimeshika. Siachilii."

Mvua ilipiga madirishani.

"Kiti," alisema Mama Waridi tena, "muulize, miezi yote ile alikuwa wapi?"

Ayoubu alikuwa na jibu, lile la siku zote, kwamba mkwe mwenye adabu hukaa mbali. Lilimfika ulimini, akalimeza. Alikaza mikono tu, misuli inawaka moto, jasho linamchuruzika hadi machoni, na hakuifungua mpaka magurudumu yalipogonga ardhi ya Kindu.

Huko wakwe walikuwa wamejaa uwanjani, kina mama na wazee, na mbele yao Mzee Lukumani, kaka mkubwa wa Mama Waridi. Walikuwa wameleta gari lenye bodi wazi nyuma na kutandika godoro, na juu yake shuka nyeupe, kwa mapenzi yote. Vijana wanne wakaingia ndegeni, wakamchukua mgonjwa. Ayoubu alishuka wa mwisho, na miguu yake, kwa mazoea, ikampeleka nyuma ya bawa la ndege, mbali na macho ya wakubwa. Hakuna aliyemsalimu, kwa kuwa hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Kutoka huko nyuma akaona wanamlaza chali juu ya shuka.

"Musimulalishe," alisema, lakini mkwe hapazi sauti, na sauti yake ilikuwa imezoea kutopazwa. Hakuna aliyegeuka. Kina mama walikuwa wakilia na kumpepea mgonjwa kwa khanga zao. Ayoubu akaona kifua cha Mama Waridi kinapanda na kukwama.

Alikimbia. Aliwapita wazee bila kuomba njia, akaruka juu ya gari, akaketi na kuegemeza mgongo kwenye bati la nyuma ya dereva, akatanua miguu, akamvuta mama mkwe wake hadi akakaa, mgongo wa mama umeegemea kifua chake. Vilio vikakatika. Mwanamke mmoja akageuza uso.

Mzee Lukumani akasogea hadi kwenye ukingo wa gari. Hakumtazama Ayoubu. Alilitazama gurudumu.

"Mukwe," alisema taratibu, "shuka. Watu wako wanaona."

"Baba," Ayoubu alisema, "nikishuka, atalala."

Mzee akasimama pale pale. Kila mtu aliyekuwepo aliisikia pumzi ya Mama Waridi: ilivutwa, ikakwama, ikavutwa tena, ikapita. Mzee aliisikiliza ya pili, akaisikiliza na ya tatu. Kisha akavua koti lake, akalikunja mara mbili, akanyoosha mkono na kulichomeka kati ya mgongo wa Ayoubu na bati la gari, macho yake bado yanatazama chini, halafu akamwambia dereva aende polepole.