Kaijage Hakuacha Mtoto

Benigna alikuwa amejiapiza kutosema neno mbele ya wazee wa ukoo, lakini nani anakalia moto akanyamaza? Matanga ya mumewe Kaijage yalikuwa yameanuliwa juzi tu, na tayari shemeji yake Aristides alikuwa amefunga safari kutoka Miembeni, Bukoba mjini, mpaka Kamachumu, akaketi kwenye kiti cha marehemu na kuweka simu mezani.

"Tusigombane bure," alisema. "Tuiulize hii."

Programu ile wote waliijua. Miaka ya nyuma vijana wa mradi fulani walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazaliwa na nani, na kibanja kipi cha migomba ni cha nani. Majibu yote wakayaunganisha, mtu na mtu wake, mtu na shamba lake. Sasa ukiiuliza kwa mdomo, nayo inakujibu kwa mdomo.

"Mrithi wa kibanja cha Kaijage ni nani?"

"Kaijage hakuacha mtoto," ikajibu sauti tamu ya kike. "Ndugu yake wa karibu ni Aristides."

Damu ikamchemka Benigna. Hakuacha mtoto! Na Mwesiga, aliyeko shuleni saa hii, aliyetupa udongo wa kwanza kaburini kwa baba yake, ni mtoto wa nani? Wa kuokota?

"Iulize imeyatoa wapi hayo," akasema Mzee Mwijage, mkuu wa ukoo.

"Taarifa hii ilitolewa na Kaijage mwenyewe."

Hapo Benigna akakumbuka, na hasira yake ikapata mtu wa pili. Vijana wale walipobisha hodi, yeye alikuwa chumbani na kichanga, hakijatolewa nje, hakina jina. Yeye na mumewe walikwisha kuzika watoto wawili kabla yake. Nani Kamachumu nzima angemtaja mtoto wa namna hiyo kwa wageni? Kaijage alisimama mlangoni akasema, "Hapa hatuna mtoto," naye Benigna akamziba mtoto kwa titi asilie. Wakajiona wajanja. Baadaye kila alipomwambia mumewe akarekebishe, alijibiwa kesho. Kesho yako hiyo, Kaijage! Angekuwa hai angemtukana.

"Waitu, ndugu zangu, mmesikia," alisema Aristides. "Si mimi. Ni mdogo wangu mwenyewe."

Benigna akainuka, akaivuta simu.

"Mwesiga ni nani?"

"Samahani, sina taarifa za mtu huyo."

"Sawa. Hii haina kosa, haikuambiwa." Akamgeukia shemeji yake. "Lakini wewe! Siku ya kumtoa mtoto nje, nani alimpokea mlangoni? Nani alimpa jina?"

"Shemeji, tuongee taratibu..."

"Nani?"

Mzee Mwijage akatema punje za kahawa alizokuwa akitafuna. "Jibu, Aristides. Hilo hatuulizi simu."

Aristides akatazama sakafu. "Mimi."

"Basi kaburi la mdogo wako lile pale migombani. Nenda ukasimame juu yake useme hakuacha mtoto. Useme kwa kinywa chako!"

Aristides hakwenda. Alinyoosha mkono achukue simu yake, Benigna akaifunika kwa kiganja.

"Huondoki nayo hivi," alisema. "Jina ulimpa wewe. Iambie."